Siku Mama Alipompisha Mkwe Wake

Shemeji yangu alikuwa amesimama mtoni, maji yakimfika kifuani. Mama yangu alikuwa amekumbatia jiwe mbele yake, karibu kiasi kwamba shemeji angenyoosha mkono tu angemshika bega. Hakunyoosha. Mama naye hakumwomba. Alikuwa ameugeuza uso wake upande wa mwamba, na kila mmoja wao alizungumza na mimi niliyekuwa ukingoni, kana kwamba mwenzake hayupo.

"Mwambie mama ashike koti," shemeji alisema.

"Mwambie sitaki koti lake," mama alisema.

Hayo niliyaona na kuyasikia mwenyewe, na ningeweza kuyaapia mbele ya hakimu. Yaliyofuata nitayaeleza jinsi nilivyoelezwa, na nitasema nani alinieleza nini.

Ilikuwa mwisho wa Agosti, mwishoni mwa miaka ya sabini, wakati ule baridi ya Nairobi inapoanza kulegea lakini jua bado linaona haya kutoka. Mama alikuwa jijini tangu Juni kwa ajili ya dada yangu mkubwa. Dada alikuwa na mimba, na mimba mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka. Daktari alimwamuru alale, asiinue hata sufuria. Mama hakutaka kumwachia daktari kazi yote. Alishuka kutoka Ukambani na Biblia, leso mbili na kibuyu cha maziwa, akasema hatarudi mpaka amsikie mtoto akilia.

Tatizo lilikuwa mahali pa kulala. Dada na mumewe, dereva wa lori la kampuni moja ya Industrial Area, walikaa mtaa wa Jericho katika chumba na jiko. Mama hangeweza kukaa chini ya paa moja na mkwe wake. Kwetu sisi Wakamba mwanamume na mama wa mkewe hawakutani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatajani majina. Wakikaribiana njiani, kila mmoja humpisha mwenzake: hutoka njiani na kugeuka mpaka mwenzake apite. Twaiita nthoni. Watu wengine hulitafsiri neno hilo kuwa aibu, lakini mimi naona ni heshima iliyokomaa mpaka ikafanana na hofu. Basi mama akalala kwangu. Nilikuwa msichana wa kupiga taipu ofisini, nimepanga chumba mtaa wa Jerusalem, ng'ambo ya barabara tu. Asubuhi mama alingoja lori lingurume na kuondoka, ndipo akavuka kwenda kwa dada. Jioni alirudi kabla lori halijarejea.

Mpango ulikuwa mzuri, ila madereva hawana saa. Siku nyingine shemeji alirudi mchana, na kwa adabu yake alianza kupiga mluzi tangu kona ya kwanza, wimbo wa kanisani, ili mama apate nafasi ya kutoweka. Mtaa mzima uliufahamu mluzi huo. Jirani wa dada, mama mmoja kutoka Bungoma ambaye mumewe alifanya kazi kiwandani, alikuwa akipaza sauti kutoka bombani:

"Mama wa Machakos! Mkwe amepiga kona! Ingia ndani!"

Mama aliingia mbio, ndoo kichwani, mlango ukafungwa.

"Hata kwetu tuna mambo hayo," jirani alimwambia dada huku akicheka. "Lakini kwetu mama mkwe hakimbii namna hii. Nyinyi mmezidi. Huyu mama angeshindana kwenye mbio za magunia."

Mama mwenyewe hakucheka. Alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji, na mchungaji wake alikuwa amekwisha kusema mimbarini kwamba hayo ni mambo ya kale. Mama alisema amina pamoja na wenzake, kisha akaendelea kumpisha mkwe wake. Jioni moja, tukichambua mchele, alinieleza sababu. Nthoni ikivunjwa wakati mwanamke ana mimba, alisema, wazazi hawapatwi na kitu. Mtoto ndiye hulipa. Mimba ya pili ya dada ilitoka wiki ile ile shemeji alipomkuta mama ghafla kwenye hafla ya mazishi nyumbani, wakagongana mlangoni. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne na sikuamini. Lakini nilikuwa nimeishika nguo ya dada siku ile mimba ilipotoka, na tangu hapo sikuwa na hakika tena ya kitu ambacho sikiamini.

Ndipo akina mama wa kanisa wakapanga siku ya maombi na matembezi katika msitu ulio kaskazini mwa jiji, upande wa barabara ya Kiambu. Kulikuwa na maporomoko ya maji huko na pango ambamo watu walipenda kuomba. Kampuni ya shemeji ilikubali kutoa lori, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe aliendeshe. Mama alikataa. Kisha akasikia kwamba ombi la kwanza pangoni litakuwa la dada, akaanza kusitasita.

"Nenda, mama," dada alimwambia akiwa kitandani. "Yeye atakuwa mbele na usukani, wewe nyuma na akina mama. Kuna chuma katikati. Ukikaa hapa kunitazama tumbo kila siku hivi, hata mtoto ataona haya kutoka."

Kisha akaniita kando. "Wewe ndiye utakuwa katikati yao. Usimwache mama peke yake, na usimwache bwana yangu asimame mahali pabaya."

Tuliondoka Jericho asubuhi, akina mama wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyopandishwa nyuma ya lori, sufuria za pilau katikati, na vijana wa kwaya wamesimama wakishika vyuma. Watu walikuwa wakiimba. Lori lilipoingia kwenye barabara ya udongo na miti ikafunga juu yetu, wimbo ulipungua sauti moja baada ya nyingine, bila mtu kusema tunyamaze.

Mtu wa leo hawezi kujua msitu ule ulivyotajwa siku hizo. Kule mtaani, mzazi akitaka kumtisha mtoto mkaidi alimwambia atapelekwa huko. Redio ilipoutaja, haikuutaja kwa wema. Sisi tulikuwa watu wa nyumba zilizopangwa mistari, taa za barabarani, jirani anayekusikia ukikohoa. Humo ndani hukuona zaidi ya miti michache mbele yako, na nyuma yako njia ilijifunga.

Kijana mmoja wa kwaya, mrefu, mcheshi, alisema, "Wamama, nawaambia mapema ili msije mkanilaumu mbinguni. Jambazi akitoka hapa, mimi nawaacha. Hii miguu inajua njia ya Jericho yenyewe."

"Na Biblia yako?" mama mmoja alimuuliza.

"Nitamwachia jambazi. Huenda akaokoka."

Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa cha haraka, kama cha watu wanaotaka kurudi kusikiliza.

Lori liliachwa mahali barabara ilipokwisha. Kuanzia hapo ni miguu. Shemeji alitangulia peke yake, mbali, tusimwone, na kama kawaida alipiga mluzi ili mama ajue yuko wapi. Mluzi ukiwa karibu sana, mama alisimama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na sote tukasimama naye. Ukienda mbali, tukasonga. Ndivyo tulivyotembea asubuhi ile, msafara mzima ukiongozwa na mluzi wa mtu mmoja.

Chini ya miti ya mihugu kulikuwa na giza la kijani. Moshi wa kuni ulinukia kutoka mahali ambapo hatukupaona, na hapakuwa na kijiji. Kando ya njia kulikuwa na kiatu kimoja cha mwanamke, cheusi, cha kisigino, kimejaa maji ya mvua. Kila mtu alikiona. Tulikizunguka tukapita. Mama aliushika mkono wangu.

"Husikii?" aliniuliza baadaye kidogo.

"Nini?"

"Mluzi. Umekatika."

Tulisimama. Nilisikia mvumo wa mbali, kama wa magari mengi yasiyofika. Ilikuwa ni maji. Kadiri tulivyoyakaribia ndivyo yalivyomeza kila sauti nyingine, na nilielewa kwamba kuanzia hapo mama alikuwa hana njia ya kujua mkwe wake yuko wapi. Yeye naye alielewa. Aliitoa leso begani akaifunga kichwani, ipate kuvutwa usoni kwa haraka.

Maporomoko yalikuwa makubwa kuliko nilivyotarajia, marefu kama nyumba ya ghorofa mbili, na maji yake hayakuwa meupe. Yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na yalibeba matawi. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha upande wa Limuru. Sisi mtaani hatukupata hata tone. Nilikuwa nikiyatazama nilipomwona shemeji ameinua mkono nyuma ya mti, akiniita.

"Shemeji, mwambie mama asikaribie maji," aliniambia. Alikuwa amekulia kando ya mto Athi na ndiye pekee kati yetu aliyejua kuogelea. "Rangi hiyo siipendi. Mto wa rangi hiyo haujamaliza kuja."

"Nitamwambia."

"Mimi nitakaa kule chini, baada ya kona. Mama awe huru."

Nilirudi nikamwambia mama. "Mwambie nimesikia," alisema, ingawa shemeji alikuwa amekwisha kuondoka. Ilikuwa ni desturi yake: ujumbe wa mkwe haukuachwa bila jibu.

Tulipanda pangoni tukaomba. Mama aliomba kwa Kikamba, akipiga magoti kwenye jiwe lililolowa, na nilijua maneno yote kwa sababu niliyasikia kila usiku chumbani. Alimwomba Mungu amwache huyu mmoja. Hakusema mimba wala mtoto. Alisema tu, huyu mmoja. Tukala pilau. Vijana wakaanza kuimba, na mama, ambaye hakuwa amecheka tangu Juni, akapata uso mwepesi. Akaniambia anataka kuyaona maji kutoka chini.

"Mama, umeambiwa usiyakaribie."

"Sitayagusa, na nitaishia kabla ya kona. Nataka kuyaona tu. Nikirudi dada yako ataniuliza yakoje, nami nimwambie nini? Kwamba nilikula pilau?"

Kulikuwa na njia nyembamba iliyoshuka kando ya mto. Mkono wa kulia ulikuwa ukuta wa mwamba, mkono wa kushoto maji. Mama alitangulia. Nilitaka nitangulie mimi, lakini njia haikuturuhusu kupishana.

Shemeji alinieleza baadaye kilichokuwa kikitokea upande wake. Alikuwa amekaa juu ya jiwe kavu baada ya kona, na maji yakapanda mpaka yakamlowesha viatu. Akajua mto umeanza kuja. Akainuka kupanda kutuonya. Aliingia kwenye njia ile ile akipiga mluzi kwa nguvu zake zote, na hata yeye mwenyewe, aliniambia, hakuusikia mluzi wake.

Walikutana kwenye kona, uso kwa uso.

Nimewahi kuona watu wakikutana na nyoka, na walitulia kuliko hao wawili. Shemeji aligeuka mara moja akaukabili ukuta, paji la uso likagusa mwamba, mikono kifuani, akawa mwembamba ili mama apite. Ilikuwa adabu kamili. Lakini mama naye alikuwa na adabu yake, na haikumruhusu kupita nyuma ya mgongo wa mkwe wake kwa upana wa kiganja, nguo ikigusa nguo. Ilimpasa atoke njiani. Upande wa kutokea ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa wa maji. Alivuta leso usoni, akageuka, akaweka mguu kwenye jiwe lililokuwa nje ya njia.

Jiwe lilikuwa na ukungu wa kijani. Hakupiga kelele. Niliona leso ikiruka peke yake, kisha sikumwona mama.

Alitokea chini zaidi, mahali ambapo mto ulijipinda na mwamba ukapunguza mvumo wa maporomoko. Alikuwa amegonga jiwe kubwa na kulikumbatia kwa mikono yote miwili, maji yakimpanda mgongoni. Nilisikia mtu akilia na baadaye nikajua ni mimi. Shemeji aliruka na viatu vyake. Maji yalimpeleka pembeni, akasimama, yakampeleka tena, akasimama. Alipomfikia mama alisimama imara, miguu imetanuliwa, kama mtu aliyezoea kusukumwa na mto. Hapo ndipo nilipodhani yamekwisha. Nilingoja amshike.

Hakumshika. Alinitazama mimi.

"Shemeji! Mwambie mama niko hapa."

"Mwambie nimejua," mama alisema bila kugeuka. "Mwambie afumbe macho. Nguo imepanda."

Ilikuwa kweli. Maji yalikuwa yameipandisha sketi yake mpaka kiunoni.

"Amesema ufumbe macho!"

"Mwambie nimefumba."

Na alikuwa amefumba. Sijapata kuona tena jambo la kutisha kama lile: mwanamume amesimama katikati ya mto uliokuwa ukipanda, magogo yakimpita, macho yake yamefungwa kabisa. Alivua koti lake la kazi, la kaki, kwa kupapasa. Akashika mkono mmoja wa koti na kurusha mwingine mbele, mahali alipodhani mama yuko. Lilimwangukia mama begani. Mama alilitikisa likaanguka majini.

"Mama, shika!" nilipiga kelele.

"Limelala kwenye mwili wake. Ni sawa na kumshika yeye."

"Mama!"

"Una akili wewe?" Aligeuza shavu kidogo tu, nikaona midomo yake imekuwa ya buluu. "Dada yako amebeba. Nikimshika huyu hapa, nani atamzika yule kule?"

"Na ukifa wewe? Dada akiletewa habari, hiyo mimba itakaa?"

Alilaza shavu kwenye jiwe. Namjua mama yangu. Asipojibu huwa anapima. Shemeji aliurudisha ule mkono wa koti na kuurusha tena, macho bado yamefungwa, na safari hii ulipita mbali naye ukachukuliwa na mkondo. Kisha tawi likaja. Halikuwa kubwa, lakini lilimpiga mama ubavuni, na mkono wake mmoja ukaachia jiwe. Akaurudisha. Ukateleza. Akaurudisha.

"Shemeji, kimbia!" Sauti ya shemeji ilikuwa imebadilika. "Lete watu. Lete kamba iliyo kwenye lori. Kimbia!"

"Nenda," mama alisema. Lilikuwa jambo la kwanza siku ile ambalo wote wawili walikubaliana.

Nilikimbia. Nilipofika kwenye kona niligeuka mara moja, na nilichokiona ni hiki: mama amekumbatia jiwe kwa mkono mmoja, shemeji amesimama palepale, macho yamefungwa, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza. Baada ya hapo sikuona.

Sijui nilipandaje. Nakumbuka nilikuwa nikiogopa vitu viwili na kuvichanganya. Niliogopa kurudi nikute jiwe tupu. Na niliogopa kurudi nimkute mama ametolewa, nijue ametolewa vipi, kisha nirudi Jericho nikae kitandani kwa dada na kulitazama lile tumbo. Niliona haya kwa hofu ya pili, lakini haikuondoka. Nilipofika pangoni akina mama walikuwa wakiimba. Nilionyesha chini kwa mkono. Yule kijana mcheshi, aliyeapa kutuacha, ndiye aliyenipita wa kwanza, na hakugusa njia, alishuka kwa kuruka mawe.

Tulipofika, jiwe lilikuwa tupu.

Mama alikuwa amekaa ukingoni, upande wetu, hatua chache chini ya mahali pale. Alikuwa ameishusha sketi na kujikunja, kidevu juu ya magoti, akitetemeka mpaka meno yakawa yanasikika. Shemeji alikuwa ng'ambo ya pili ya mto. Alikuwa ametupa mgongo, ameukabili msitu, akikamua shati lake polepole kama mtu aliye nyuma ya nyumba yake. Koti halikuonekana tena.

Akina mama walimzunguka mama na leso. Mwenyekiti wao, Mkamba mwenzetu aliyejua kila kitu, ndiye aliyeuliza.

"Nani amekutoa?"

"Mungu," mama alisema.

"Amina. Kwa mkono wa nani?"

Mama alikaza leso mabegani. "Nilishika mzizi," alisema. "Nikajivuta."

Yule kijana alimpigia shemeji kelele kumuuliza kama yu mzima. Shemeji aliinua mkono juu bila kugeuka. Alizunguka mbali, akavukia kwenye daraja la magogo, na tulimkuta tayari ameketi nyuma ya usukani, madirisha yamefungwa. Tulirudi mjini bila wimbo. Mama alikaa nyuma, akiegemea chuma kile kilichowatenganisha, mkono wake wa kulia ameuficha ndani ya leso. Ulipofunuka nilikiona kifundo cha mkono. Kilikuwa kimezungukwa na wekundu. Nilijiambia, mtu akishikwa kwa nguvu hupata alama kama hiyo. Kisha nikajiambia, mtu akikumbatia jiwe kwenye mto kama ule huchubuka pia. Yote mawili ni kweli.

Usiku huo aliniambia neno moja tu. Dada asijue. "Niliteleza, nikalowa. Basi."

Majuma yaliyofuata sitaki kuyarudia maishani. Nilimsikiliza dada kama watu wanavyosikiliza mlango. Akishika mgongo, nilihesabu pumzi zake. Akienda choo na kukawia, mama aliacha alichokuwa akikifanya, na macho yetu yakakutana. Mluzi wa shemeji uliendelea kusikika kwenye kona, mama akaendelea kuingia ndani na ndoo yake, na jirani wa Bungoma akaendelea kucheka. Mtu wa nje asingeona tofauti. Tofauti niliyoiona mimi ni moja: zamani mama alifunga mlango kwa kishindo. Sasa aliufunga taratibu, na alikaa nyuma yake akisikiliza mpaka mluzi upite.

Mwezi uliofuata shemeji alichukua likizo fupi akaenda nyumbani. Baba akatuma habari kwamba mkwe amempelekea mbuzi, dume, mnene, akamfunga kwenye mti na kuondoka bila kusema ni wa nini. Baba aliuliza ampokee kwa jina gani. Dada alifurahi, alidhani ni wa heshima ya mimba. Mama akasema, "Mwambieni ampokee tu. Asiulize." Mbuzi ni kitu ambacho mkwe hutoa kwa sababu nyingi. Mojawapo, kila Mkamba anajua, ni kutakasa nthoni iliyovunjwa.

Mtoto alizaliwa Desemba. Msichana. Alilia kabla hajatoka vizuri, mkunga alisema, na mama aliyekuwa nje kwenye ushoroba alilia kwa sauti kubwa kuliko yeye. Baada ya wiki moja alifunga leso zake akapanda basi.

Nilimuuliza mama mara moja tu, miaka mingi baadaye, tukimenya njugu nyumbani kwake. Nilimuuliza wazi. Je, alikushika?

"Wewe ulikuwepo. Uliona?"

"Sikuona. Nilikimbia."

"Mtoto si yuko?" alisema. "Si anasoma? Basi unauliza nini?" Kwake yeye, mtoto aliye hai alikuwa ushahidi kwamba nthoni haikuvunjwa, na hakuna hakimu ambaye angeweza kuupinga.

Mama ameshafariki. Shemeji yuko, mzee sasa, ameacha kazi ya udereva na anaishi kijijini na dada. Nilimuuliza naye, tukiwa tumekaa wawili. Alinieleza mto ulivyopanda, jiwe alilokalia, mluzi aliopiga bila kuusikia, baridi ya maji, kila kitu kwa utaratibu, mpaka pale nilipoikata kona. Hapo akaruka. "Halafu mkarudi," alisema.

"Na katikati?"

"Nilikuwa nimefumba macho, shemeji. Mtu aliyefumba macho ataona nini?"

"Sijauliza uliona nini. Nauliza mbuzi alikuwa wa nini."

Alicheka kidogo, akaangalia mlango wa jikoni alikokuwa dada. "Kunywa chai," alisema. "Inapoa."

Mwaka jana nilirudi kwenye maporomoko yale. Siku hizi msitu una njia nzuri na watu hukimbia humo asubuhi kwa mazoezi. Ilikuwa kiangazi, mto umepungua. Niliipata kona. Nililipata jiwe. Nikashuka mpaka mahali alipokuwa amekaa mama, nikatafuta mzizi. Kuanzia lile jiwe mpaka ukingoni ni mwamba mtupu, hakuna mti, hakuna hata jani la kushika. Lakini juu kidogo ya mwamba, kwenye udongo wa ukingo, kuna shimo la zamani lililoota nyasi, upana wake kama wa shina la mti mkubwa. Niliwauliza walinzi wawili wa msitu. Mmoja alisema ni maji yalilichimba. Mwingine alisema hapo palikuwa na mkuyu, uling'olewa na mafuriko kabla hajaajiriwa, lakini hakumbuki ni nani aliyemwambia.